Mama Alikasirika, Wimbo Ukalia

Kuna wimbo mmoja wa Taylor Swift ambao hata mashabiki wake sugu huuruka. Nasema wale wa kweli, wanaojua kila albamu ilitoka tarehe gani na wanaoweza kukupigia hesabu ni wimbo upi ulimlenga mwanamume yupi. Rafiki yangu mmoja ni wa kundi hilo. Tukiwa kwenye matatu ya Rongai, simu ikiwa yake na kila mtu na sikio lake moja, albamu ya Red ile ya 2021 ikifika mahali fulani kidole chake kinatangulia. Siku moja nikamuuliza, huu nao umekukosea nini? Akasema, "Huo ni wa yule mtoto. Mimi siwezi kulia kwenye mathree."

Wimbo wenyewe unaitwa "Ronan". Mwaka huu nimeusikiliza mara nyingi, kwa makusudi, daftari mkononi kama mtu anayekagua risiti. Nina sababu yangu na nitaifikia. Kwanza tuutazame kama wimbo, kwa maana wimbo ukishaitwa wa hisani, wahakiki hukunja mikeka yao na kwenda nyumbani. Nani atamkosoa mtu anayewachangia watoto wagonjwa? Utaonekana huna moyo. Kwa hivyo nyimbo za aina hii zimepewa chumba chao pekee, na humo ndani hakuna anayeuliza kama ni nzuri, zinamsemea nani, na ni kitu gani kimeachwa mlangoni.

Ronan Thompson alikuwa mtoto wa Phoenix, Arizona, huko Marekani. Mwaka wa 2010 alipatikana na neuroblastoma, saratani inayoanzia kwenye seli changa za neva na ambayo huwapata zaidi watoto wadogo. Alifariki Mei 2011, siku chache tu kabla ya kufikisha miaka minne. Mamake, Maya Thompson, alikuwa akiandika blogi iliyoitwa Rockstar Ronan, wakati wa ugonjwa na hata baada ya mazishi. Swift akaisoma. Akachukua maneno na picha za blogi ile, akazipanga ziwe wimbo wa mama anayezungumza na mwanawe, na usiku wa Septemba 7, 2012, akauimba kwenye hafla ya televisheni ya Stand Up to Cancer. Ukawekwa iTunes, mapato yakaelekezwa kwa mashirika ya saratani. Ulifika nambari 16 kwenye chati ya Billboard Hot 100, wimbo ambao hakuna klabu duniani ingethubutu kuucheza.

Sasa, mazuri yake ni mengi, na siyataji kwa adabu tu.

La kwanza liko kwenye maandishi madogo ambayo hakuna anayeyasoma. Kwenye orodha ya waandishi kuna majina mawili: Taylor Swift na Maya Thompson. Mama hakuandikwa chini kama mtu wa kushukuriwa, wala kama "kisa cha kweli". Ni mwandishi. Mimi hula kwa kuandika, vibaya lakini nakula, na najua tofauti ya kuwa mwandishi na kuwa kisa. Nimeona simulizi za watu zikichukuliwa hapa mjini na kugeuzwa filamu fupi, kampeni, hotuba ya kupokelea tuzo, na mwenye simulizi akabaki na fulana na soda. Huyu mama alipewa kalamu, au tuseme ilitambuliwa kwamba kalamu ilikuwa yake tangu mwanzo. Mwaka wa 2015 Swift alipoimba Glendale, Arizona, aliuimba tena wimbo huo, mama akiwa miongoni mwa waliohudhuria. Na alipokuwa akirekodi upya albamu ya Red, alimwandikia kwanza kumwomba ridhaa kabla ya kuuweka humo. Staa wa kiwango hicho angeweza kunyamaza tu na sheria isingemgusa.

La pili, wimbo hauombi. Hausemi tuungane, hausemi pamoja tutaweza, hauna kwaya inayoinuka mwishoni watu wakishikana mikono. Ukumbuke nyimbo za hisani tulizolelewa nazo. "We Are the World" ya 1985, jina lenyewe linakuambia ni nani amesimama katikati ya picha: sisi tunaotoa. Kwenye "Ronan" hakuna sisi. Kuna mimi na wewe, mama na mtoto, na wewe msikilizaji ni kama umepita kwenye korido ukakuta mlango haujafungwa. Sauti iko karibu na mnong'ono, ala ni chache, mdundo haukimbizwi kwenda popote. Vinavyotajwa ni vitu vya nyumbani: nyayo za mtoto, vitu vyake vya kuchezea, mambo ambayo mama pekee angeona yanafaa kuhesabiwa. Mtu aliyewahi kupanga nguo za aliyefariki anajua huzuni haikai kwenye maneno makubwa. Inakaa kwenye soksi.

Kwa hivyo ni wimbo mzuri. Pengine ndio bora wa aina yake katika miaka hii yetu.

Lakini hebu nenda kwenye blogi.

Maya Thompson wa kwenye blogi amekasirika. Analia, ndiyo, lakini katikati ya kulia anaitukana saratani kwa maneno ambayo mhariri wangu hatayachapa hapa, na hasira yake haiishii kwa ugonjwa. Imeelekea mahali: kwa dunia inayovaa riboni kila mwaka huku utafiti wa saratani za watoto ukirushiwa makombo. Baadaye alianzisha wakfu wenye jina la mwanawe, na kwa miaka amekuwa akisukuma hoja hiyo hiyo moja. Ni mwanamke mwenye madai. Ukimsoma hutoki ukiwa umeguswa tu, unatoka ukiwa na swali la kumuuliza mtu fulani.

Wimbo umebeba machozi yake na kuacha karibu hasira yote. Naelewa ni kwa nini. Hafla ya televisheni, saa za familia kukaa sebuleni, watu wanatakiwa wapige simu kutoa pesa, nani anataka mama anayetukana? Ukifika mwisho wa wimbo unajua macho ya mtoto yalikuwa ya rangi gani. Hujui neuroblastoma ni nini. Hujui inaanzaje, mzazi aangalie nini, kwa nini ikigunduliwa imeenea inakuwa ngumu kiasi kile. Rafiki yangu shabiki, huyu wa matatu, ameujua wimbo huu tangu tukiwa sekondari, na nilipomuuliza mtoto aliugua nini alisema, "Si cancer?" Nikamuuliza cancer gani. Kimya.

Simlaumu Swift peke yake. Siwezi, kwa kuwa kazi hiyo hiyo nimeifanya kwa mkono wangu, na sikuwa na gitaa wala watazamaji wa Marekani nzima wa kusingizia.

Mwaka wa 2022 mtoto wa binamu yangu aliugua. Alikuwa na miaka sita. Jina lake silitaji, na utaona kwa nini. Mimi nilikuwa nimeacha chuo mwaka mmoja kabla, kwa sababu ambazo wengi wenu mnazijua kwa kuwa ni zile zile. Sasa, kwenye familia, mtu aliyeacha chuo lakini "anaandika mtandaoni" huwa na kazi moja rasmi. Matangazo. Ya mazishi, ya mahari, ya harambee. Niliamshwa saa tano usiku na simu ya anti: andika kitu cha kutuma kwa grupu, mtoto amelazwa, na leo wanataka deposti.

Walikuwa wamempata na limfoma ya Burkitt. Ni ugonjwa wa kwetu, kama ugonjwa unaweza kuwa wa kwetu. Jina ni la Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, na aliyeandika kuhusu uvimbe wa taya za watoto mwaka wa 1958. Alisafiri Afrika akichora ramani ya mahali ulipo na mahali usipo, na ramani yake ikafuatana na joto na mvua, yaani ikafuatana na malaria. Ukanda wa Ziwa Victoria umo ndani, na nyumbani kwetu Busia kumo. Uvimbe huu hukua kwa kasi ya kutisha, ni kati ya saratani za binadamu zinazokua haraka kuliko zote. Lakini kasi hiyo hiyo ndiyo huufanya usikie dawa, kwa kuwa kemo hushika zaidi seli zinazogawanyika mbio. Mtoto akiwahi, anaweza kupona kabisa. Akichelewa wiki chache, ni habari nyingine.

Haya yote niliyajua baadaye. Usiku ule nilikuwa na ujumbe mrefu wa WhatsApp kutoka kwa binamu yangu, alioandika akiwa kwenye benchi la wodi, na nilitakiwa niugeuze kuwa posta. Ujumbe ulianza na meno. Aliandika walikopita kabla ya kufika pale, walichoambiwa, walicholipa, na akawaambia watu wa grupu maneno makali. Niliusoma nikaona, hapana, huu hautachangisha. Anaonekana analaumu. Grupu ina wazee, ina pasta, ina mjomba aliye na pesa kiasi na asiyependa kelele. Nikaufuta wote. Nikaandika kwamba shujaa wetu mdogo anapigana vita vikubwa na kwa neema ya Mungu na mkono wako atashinda. Nikaweka Paybill.

Halafu ikaja mambo ya picha. Kulikuwa na mbili: moja amesimama na baiskeli, mwezi mmoja kabla, anacheka, nyingine ni ya kitandani, shavu limefura, analia akiangalia kamera. Mamake alitaka ya baiskeli. Anti akasema, "Weka ile analia." Nikaweka ile analia. Asubuhi tulikuwa na laki moja na elfu arobaini, na kila mtu akanipongeza. Mjomba wa pesa aliandika, "Umeandika vizuri sana kijana."

Nimekuwa nikijiuliza kama kuna njia nyingine ya mwanamuziki, au mtu yeyote mwenye sauti, kuifanya kazi hii. Na jibu nililolipata limenichekesha kidogo, maana limetoka kwenye muziki wa kukhu.

Ukikulia Kenya unajua ninachosema. Kuna kizazi kizima cha bibi zetu ambacho Jumapili mchana hakina haja na mtu, redio iko kwa Kenny Rogers, Dolly Parton, Don Williams. Nchi hii inapenda kantri kwa namna ambayo wageni hushangaa; tuna hata Sir Elvis wetu, Elvis Otieno, na kofia yake. Sisi wadogo tunaona ni muziki wa kuuzia ng'ombe. Sasa, kuna bendi moja ya kantri inaitwa Alabama, na mwimbaji wake mkuu ni Randy Owen. Mwaka wa 1989 alisimama mbele ya watu wa redio waliokuwa wamekutana Nashville kwa kongamano lao, akawaomba wasaidie hospitali ya watoto ya St. Jude, iliyoko Memphis, Tennessee. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka wa 1962 na Danny Thomas, mchekeshaji na mtu wa televisheni, mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanoni, na ni yeye aliyekuwa amemwomba Owen. Kazi iliyotokana na ombi hilo ikaitwa Country Cares.

Namna inavyokwenda ni ya kuchosha kuielezea, na nimeanza kuamini kwamba hapo ndipo nguvu yake ilipo. Kituo cha redio kinatenga siku mbili hivi. Kati ya nyimbo, mtangazaji anasimulia habari za hospitali, wazazi wanazungumza, wasanii wanapiga simu. Msikilizaji haombwi atoe kila alicho nacho usiku huo akiwa na donge kooni. Anaombwa aahidi kitu kama dola 20 kwa mwezi, kila mwezi, akatwe tu kama bili ya maji. Mwaka unaofuata wanarudi. Vituo vikaongezeka hadi mamia, na pesa zilizopatikana tangu 1989 ni mamia ya mamilioni ya dola.

Kama mhakiki sina la kuhakiki hapo. Hakuna wimbo mkubwa uliozaliwa na Country Cares. Hakuna kitu ambacho rafiki yangu angeogopa kukisikia kwenye matatu. Na tusidanganyane, nao wanatumia watoto: matangazo ya St. Jude yamejaa vichwa visivyo na nywele na macho makubwa, na kuna wakati yanakera kama posta yangu.

Ila kuna tofauti moja, nami nimeizunguka wiki nzima nikitafuta kasoro yake nisiione. Familia inayotibiwa St. Jude haipelekewi bili. Si ya matibabu, si ya nauli, si ya malazi, si ya chakula. Maana yake ni kwamba mtoto unayemwona kwenye tangazo anatibiwa hata ukizima televisheni. Hata kama hapendezi kwenye picha. Hata kama mamake ana mdomo. Dawa yake ya kesho haitegemei alivyolia leo. Yule wetu, dawa yake ya Alhamisi ilitegemea kabisa picha ya Jumatano. Nilipochagua picha nilikuwa natibu, kwa njia ya ajabu sana, na hakuna aliyenifundisha.

Wasanii wetu wanaokwenda wodini na kamera, juisi na katoni za maziwa, siwasemi kwa ubaya wote. Maziwa ni maziwa, na mama aliyelala sakafuni wiki mbili hatakataa. Lakini tazama mpangilio wa video. Msanii anaingia, anainama, anaguswa, anatoka akifuta macho. Safari yote ni ya kwake. Mtoto ni kituo.

Na pesa za kuchosha hufika mbali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 hupona. Kwenye nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Mwaka wa 2018 shirika hilo na St. Jude walianza mpango wa kuhakikisha angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wanaishi, ifikapo 2030. Desemba 2021 St. Jude ikaahidi dola milioni 200 kwa ajili ya dawa za kemo za watoto katika nchi ambazo dawa hizo hazipatikani au zikipatikana ni za kubahatisha, na Februari 2025 shehena za kwanza zikafika Mongolia na Uzbekistan, huku Zambia ikiwa kwenye orodha ya waliofuata. Kenya haikuwa kati ya zile sita za mwanzo. Lakini hebu fikiria safari yenyewe: dereva wa lori huko Oklahoma amepigiwa Alabama kwenye redio, akakubali kukatwa dola zake, na miaka baadaye mtoto wa Lusaka anaweza kupata chupa ya dawa inayotoka kwenye chungu hicho. Hakumwona. Hakulia. Jina la mtoto halimo kwenye wimbo wowote.

Nilimsomea rafiki yangu rasimu ya haya. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sawa, lakini hasira haina Paybill." Alimaanisha kwamba ningeuacha ujumbe wa binamu yangu kama ulivyokuwa, mjomba asingetuma elfu hamsini, na mtoto angekaa bila dawa nikiwa na ukweli wangu. Hili ni pingamizi zito na silipuuzi. Ningerudishwa usiku ule, na deposti ile ile inadaiwa, pengine ningeweka tena picha ile ile. Ninachopinga ni kujipongeza.

Kwa sababu kuna jambo nililoliona nikiwa nimechelewa miaka mitatu. Grupu ile ilikuwa na watu zaidi ya mia mbili, wengi wao wako Busia, Siaya, Bungoma, na posta ikasambazwa kwa grupu nyingine ambazo sizijui. Watu wa ukanda ule ule wa ramani ya Burkitt. Wana watoto. Nilipokuwa nafuta hasira ya binamu yangu, nilifuta pia dalili. Kwenye ujumbe ule mzima, sehemu iliyoeleza ugonjwa unaanzaje ilikuwa ndani ya sehemu anayolaumu. Huwezi kuitoa moja ukaacha nyingine. Nilibakiza shujaa, vita, Mungu na namba ya Paybill. Mzazi ambaye shavu la mwanawe lilikuwa linafura wiki hiyo alisoma posta yangu, akatuma mia mbili, akasema amina, na hakujua kitu. Labda hakuwepo mzazi kama huyo. Sina njia ya kujua, na hilo ndilo linaloniamsha.

Ndiyo maana nimeshindwa kuusifu wimbo wa Swift kwa moyo wote, ingawa naupenda. Alimpa mama jina lake kwenye karatasi, akamwomba ruhusa, akakataa kujiweka katikati. Amefanya vizuri kuliko mimi kwa kila kipimo. Lakini mama yule alikuwa na vitu viwili mkononi, na kilichopita mlangoni ni kile kimoja ambacho hakimsumbui mtu.

Kuna tofauti nyingine kati yetu. Ronan hakuishi kuusikia wimbo. Mtoto wetu ameishi. Kemo ilifanya kazi kwa haraka hadi daktari mwenyewe alikuwa anatabasamu. Sasa ana miaka tisa, yuko darasani, ana kelele. Desemba iliyopita tulikuwa wote shagz. Alikuwa ameshika simu ya mamake akitafuta michezo, akaingia kwenye picha za zamani, akakutana na ile posta. Kumbe watoto wa jirani walikuwa wanamwita "wa posta" siku nyingi, na hakuwa amewahi kuiona. Akaisoma polepole, kidole kwenye skrini, kama wanavyosoma umri ule. Halafu akauliza ni nani aliandika. Wote wakaniangalia.

"Uncle," akasema, "mimi sikuwa napigana. Nilikuwa nimelala."

Akasema pia picha ni mbaya, kwa nini hatukuweka ile ya baiskeli. Sikuwa na jibu ambalo unaweza kumpa mtoto wa miaka tisa. Mamake alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa.

Mwezi uliopita nilimuuliza kama bado ana ule ujumbe wake wa kwanza. Alikuwa nao. Alinitumia tena bila kusema neno, na nilipoomba kuuweka hapa alikubali kwa masharti mawili: nisiseme majina, na safari hii nisiguse kitu.

"Sikieni. Hii kitu ilianza na jino la nyuma kucheza na shavu kufura upande mmoja. Mahali pa kwanza waling'oa jino. Mahali pa pili waking'oa mawili. Pesa walichukua kote. Wiki tatu mtoto anafura na mimi naambiwa asukutue na maji ya chumvi. Sitaki mtu aniambie pole na sitaki mtu aniambie ni mapenzi ya Mungu, mapenzi ya Mungu gani ya kung'oa meno ya mtoto. Kama mtoto wako shavu limefura na meno ya nyuma yanacheza, usingoje kama mimi, mpeleke hospitali kubwa leo, si kesho, na uwaambie wapime nyama. Halafu mnitumie nauli. Nimebaki na mia mbili."